Baada ya Kipindi: Namna ya Kuishi na Runinga Katika Nyumba za Buha

Julai 1993 sauti mbili mpya zilianza kusikika redioni katika nchi mbili zinazopakana. Dar es Salaam, Radio Tanzania ilianza kurusha "Twende na Wakati", mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kigali, kituo cha watu binafsi kiitwacho RTLM kilianza na muziki wa kuchangamsha, utani na watangazaji wanaojua lugha ya vijana. Mchezo wa Dar es Salaam uliwafungua vinywa wake na waume waliokuwa wakioneana haya. Kituo cha Kigali, mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, kilitaja majina ya watu na mahali walipojificha ili wauawe.

Nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha iitwayo Buha, zimekaa katikati ya historia hizo mbili. Nyabibuye, kata iliyokuwa ya Kibondo hadi Kakonko ilipokuwa wilaya mwaka 2012, haiko mbali na mpaka wa Burundi. Wazee wa huko na wenzao wa Kasulu hawakusimuliwa habari za wakimbizi, waliwapokea wenyewe. Waliona watu wakivuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na katika miaka iliyofuata wakaona makambi ya Kanembwa, Mtabila, Nduta na Nyarugusu yakijaa.

Leo sauti imepata picha. Miji ya Kibondo na Kasulu, iliyotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, imeunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Wakala wa Nishati Vijijini unasogeza nguzo kuelekea vijijini, na ambako nguzo haijafika kuna paneli ya sola juu ya bati. Dishi na king'amuzi vimefuata umeme, na simujanja imefika hata pale ambapo dishi halijafika.

Mzazi anayefikiria kununua runinga, au aliyekwisha nunua na sasa anaona wanawe hawabanduki mbele ya kioo, anahitaji ushauri wa kutendea kazi. Msingi wa ushauri huo ni huu: kipindi humjenga au kumharibu mtu kwa kutegemea mazungumzo yanayokifuata. Watu wakikijadili, wanachagua cha kuchukua na cha kuacha. Wakinyamaza, kipindi ndicho kinachobaki na neno la mwisho.

Taifa liliwahi kulijua jambo hili

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni ya rangi mwaka 1973, kabla ya nchi nyingine yoyote kusini mwa Sahara, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya ITV na CTN vilipoanza. Katika miaka hiyo ya kusubiri, Tanzania ilijifunza kuitumia redio kwa ustadi ambao nchi nyingi zilikuja kuusoma.

Mwaka huohuo wa 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa na kitabu chake cha picha na maelezo. Walisikiliza kipindi, redio ikazimwa, wakaulizana: malaria inatupata vipi hapa kwetu? Minyoo inatoka wapi? Tufanye nini wiki hii? Kisha wakaenda kufyeka vichaka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai" kwa mtindo huohuo. Redio ilikuwa ndogo na betri zilikuwa ghali, lakini watu walitoka kwenye kikao wakiwa na azimio lao wenyewe.

"Twende na Wakati" iliongeza ushahidi. Kwa miaka miwili ya kwanza mchezo huo haukurushwa Dodoma, hivyo watafiti wakapata nafasi ya kulinganisha mkoa ambao haukuusikia na mikoa iliyousikia. Wasikilizaji walimfuatilia Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, hadi UKIMWI ulipomfikia. Kwenye maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na wenye ndoa wengi zaidi walizungumza wao kwa wao kuhusu idadi ya watoto. Mchezo ulipofikishwa Dodoma mwaka 1995, mabadiliko yakaanza huko pia. Mkwaju aliwapa watu kisa cha mtu mwingine ambacho kupitia kwacho waliweza kujisema wenyewe.

Hata RTLM ilisikilizwa kwa pamoja, kwenye vizuizi vya barabarani na mabaani. Kusikiliza pamoja peke yake hakutoshi. Lazima awepo mtu mwenye uhuru wa kuuliza na kupinga. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Hukumu hiyo imewaachia watu wa nyanda hizi somo la karibu kabisa: anayetangaza anawajibika kwa anachokitangaza, na anayesikiliza ana haki ya kukihoji.

Kuanzia sebuleni

Hatua ya kwanza ni mahali pa kuweka runinga. Iwekwe sebuleni, mahali ambapo mtu mzima anapita, isiwekwe chumba cha watoto. Simu nayo ipewe kanuni hiyohiyo: mtoto aitumie mbele za watu, na usiku ilale kwa mzazi.

Hatua ya pili ni saa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Sababu yake inaeleweka hata kwa bibi asiyesoma. Mtoto mdogo anakua kwa kutambaa, kushika, kuongeleshwa na kulala. Kila saa ya kukodolea macho kioo inatolewa kwenye mambo hayo. Kwa wanafunzi, mzazi apange muda baada ya kazi za nyumbani na za shule, na runinga izimwe wakati wa kula. Katika familia ya mkulima anayeondoka alfajiri kwenda shambani, mlo wa jioni ndio wakati pekee ambapo baba, mama na watoto wanakutana. Tamthilia isipewe nafasi hiyo.

Kanuni za utangazaji za Tanzania zinataka vipindi vya watu wazima visubiri usiku, kuanzia saa 3. Mzazi aichukue saa hiyo kuwa mpaka wa nyumba yake pia. Lakini ajue kuwa king'amuzi cha setilaiti huleta chaneli kutoka nchi nyingi, na simu haina saa. Ving'amuzi vingi vina sehemu ya kuweka namba ya siri ya kufungia chaneli. Fundi anayefunga dishi aombwe aionyeshe kabla hajalipwa. Na kabla ya kununua, mnunuzi aulize: kifurushi kikiisha, ni chaneli zipi zinabaki bure? Nyumba isiyoweza kulipia kila mwezi isijitwike deni kwa ajili ya tamthilia.

Kuchagua kilicho bora

Kukataza peke yake humfanya mtoto akatafute kwa jirani, kwa hiyo mzazi awe na cha kumpa. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonekana kwenye televisheni ya Taifa, TBC, mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na visa vya Kiswahili. Akili and Me kutoka kwa watu haohao ni cha wadogo wanaojifunza herufi na namba. Kwa wakulima kipo Shamba Shape Up, kipindi kilichoanza Kenya mwaka 2012, ambamo wataalamu huingia kwenye shamba la familia moja na kurekebisha mambo mbele ya kamera: banda la kuku, mbegu, udongo, namna ya kuhifadhi mahindi. Mkulima wa maharage au muhogo wa Kakonko hatapata kila jibu humo, kwa kuwa mvua na udongo wake ni tofauti. Ndiyo maana kipindi hicho kinafaa kutazamwa na majirani wachache, kisha maswali yakapelekwa kwa afisa ugani wa kata.

Tamthilia zinahitaji mazungumzo zaidi. Tangu Azam TV ilipoingia mwishoni mwa 2013, tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimezoeleka nchini, na tamthilia za nyumbani nazo zimeongezeka. Zinavuta kwa sababu zinagusa yale yanayogusa kila ukoo: mahari, wivu, urithi, mkwe na mkaza mwana. Binti anaweza kujifunza humo kuwa ana haki ya kusema hapana. Anaweza pia kujifunza kuwa mapenzi ni kupigana vibao na kununuliwa zawadi.

Mfano wa mbali unaonyesha jinsi mambo haya yanavyoingia kimyakimya. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika eneo la Nadroga, Fiji, kwenye jamii iliyosifu miili iliyojaa. Mtafiti Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, akarudi 1998. Mwanzoni hakukuwa na msichana aliyesema anajitapisha ili apungue. Baada ya miaka mitatu waliosema hivyo walikuwa zaidi ya asilimia 11. Hakuna aliyewaamuru. Waliona, wakajilinganisha, wakanyamaza. Mama wa Kasulu anayetazama tamthilia na binti yake anaweza kukivunja kimya hicho kwa swali dogo tu: huyu dada ngozi yake na nywele zake ni za nani, na ni nani anayemlipa aonekane hivyo?

Vibanda umiza

Kwa vijana wengi runinga haiko nyumbani. Iko kwenye kibanda umiza, chumba cha mbao au tofali chenye mabenchi, ambapo kwa kiingilio kidogo wanaangalia mpira wa Ulaya na filamu za mapigano. Viongozi wengi wa vijiji hufikiria kuvifunga tu. Ushauri bora ni kuviwekea utaratibu. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo na kuzipeleka wilayani ziidhinishwe: mwanafunzi asiingie saa za masomo, watoto watoke ifikapo usiku, filamu za ngono zisionyeshwe, na mlango wa pili uwepo kwa ajili ya usalama. Mwenye kibanda aitwe kwenye kikao sheria hizo zinapotungwa, kwa kuwa ndiye atakayezisimamia kila siku.

Vibanda vya Tanzania vina urithi mzuri ambao haupaswi kupotea: msimuliaji. Lufufu, aliyejipatia jina Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hakuishia kutafsiri. Alifafanua mila za watu wa kwenye filamu, akamkemea mhusika mbaya, akaileta hadithi mtaani kwa watazamaji wake. Kijana wa Nyabibuye mwenye ulimi mwepesi anaweza kufanya vivyo hivyo, na hata dakika kumi za maongezi baada ya filamu zinatosha.

Uganda imeonyesha matunda yake. Katika utafiti uliofanyika vijiji 112, filamu fupi za Kiganda kuhusu wanawake wanaopigwa majumbani zilipachikwa katikati ya filamu za kawaida kwenye kumbi za video. Miezi kadhaa baadaye, wanawake wa vijiji vilivyoziona walikuwa tayari zaidi kutoa taarifa, na ukatili ndani ya nyumba ulipungua. Tanzania nayo, mkoani Tanga, wanavijiji waliosikilizishwa mchezo wa redio wa Pangani FM kuhusu ndoa za kulazimishwa walizidi kuzikataa ndoa hizo, na msimamo wao ulikuwepo hata zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Asasi na ofisi za ustawi wa jamii za Kigoma zinazotafuta njia ya kuwafikia vijana wa kiume zinajua sasa watawakuta wapi jioni.

Habari za mpakani

Watu wa mpakani wana mzigo wa ziada: uvumi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 2015 huko Burundi, vituo binafsi vya redio kama RPA, Bonesha na Isanganiro vilishambuliwa na kuzimwa. Wakimbizi walipomiminika Nyarugusu na baadaye Nduta, wengi walitegemea sauti zilizorekodiwa na kusambazwa kwa WhatsApp. Nyingine zilikuwa kazi ya waandishi wa kweli walioko uhamishoni, kama wale wa Inzamba. Nyingine hazikuwa na jina la mtu wala mahali.

Mkazi wa Kibondo au Kakonko anayepokea sauti ya namna hiyo aipitishe kwenye maswali manne. Nani anaongea, na ametaja jina lake? Tukio ni la lini na la wapi hasa? Kuna redio yenye anwani na mhariri iliyolisema? Nikiisambaza na ikawa ya uongo, nani ataumia? Isipopita, aifute. Asiwatumie hata watu wa nyumbani "kwa tahadhari tu", maana uvumi husafiri kwa tahadhari hizohizo. Picha za maiti na za waliojeruhiwa zisisambazwe kamwe, ziwe za kweli au za uongo.

Mfano wa kufuata uko jirani. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya Rwanda, katika eneo lililojaa watu waliokwisha umizwa na redio nyingine. Ilitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi wenyewe, ikasaidia ndugu waliopotezana kutafutana, ikawapa wakimbizi na wenyeji uwanja mmoja wa kuongea kuhusu kuni, maji na mashamba.

Kiha nacho kipate nafasi

Kanuni za nchi zinavitaka vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza. Zina faida yake kwa umoja wa Taifa, lakini maana yake ni kwamba mtoto wa Muha anaweza kutazama runinga mwaka mzima asisikie Kiha hata mara moja, na asione falme za kale za Buha, kama Heru, Muhambwe na Buyungu, zikitajwa. Familia isisubiri runinga iifanyie kazi hiyo. Simu iliyoleta video za Dar es Salaam inaweza pia kurekodi hadithi za bibi, salamu ndefu za Kiha, majina ya mbegu za asili na nyimbo za harusi. Walimu wawape wanafunzi kazi ya kurekodi mzee mmoja kila muhula, kwa ruhusa yake, na shule itunze rekodi hizo. Faili hizo zinaweza kuchezwa kwenye kibanda umiza kabla ya mechi kuanza.

Haki ya kudai

Mtazamaji ana haki ya kulalamika. Akiona kipindi kinachodhalilisha watu, kinachochochea chuki au kinachoonyesha ngono saa ambazo watoto hawajalala, aandike jina la kituo, kipindi, tarehe na saa, apeleke malalamiko kwa kituo chenyewe, na asiporidhika ayafikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ina Kamati ya Maudhui. Barua ya kijiji yenye muhtasari wa mkutano na sahihi nyingi ina uzito kuliko manung'uniko ya mtu mmoja.

Adai pia mazuri. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam, alijifanya mteja akaingia kwa waganga ili kufichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa maisha, lakini dunia ikaijua siri hiyo na Serikali ikabanwa ichukue hatua. Kasulu inajua uzito wa kazi hiyo, kwa sababu Shule ya Msingi Kabanga ndiko walikopelekwa watoto wengi wenye ualbino waliokuwa wakiwindwa. Waandishi wa Kigoma wenye moyo huo wapo, na wanahitaji wananchi wa kuwapa taarifa za kweli na kuwalinda.

Basi familia yenye runinga ianze wiki hii. Ichague kipindi kimoja, ikitazame pamoja hadi mwisho, kisha baba au mama azime na kuuliza: aliyetengeneza kipindi hiki anataka tufanye nini? Ingekuwa hapa Nyabibuye, mambo yangekwendaje? Ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Watoto waachwe wajibu kwanza, na mtoto atakayempinga baba yake kwa adabu asikaripiwe. Na mwenyekiti wa kijiji aweke ajenda ya vibanda vya video kwenye mkutano mkuu ujao, akiwaalika wenye vibanda, walimu na vijana wenyewe.